Maswali ya Wasomaji: Mji Uonekanavyo Kutoka Burj Khalifa

Barua nyingi zilizotufikia kwa ajili ya toleo hili zinahusu safari ya Dubai, na karibu zote zinazunguka jambo lile lile: je, inafaa mtu kulipa fedha ili apandishwe Burj Khalifa, na akishalipa, apande saa ngapi na aangalie nini? Tumechagua zile ambazo majibu yake yatawafaa na wasomaji wengine, kisha tukaongeza mbili zinazohusu minara mingine, mmoja wa Toronto na mwingine wa Nairobi.

Mimi ni mfanyabiashara wa nguo. Kila nikienda Dubai hufikia Deira, nikanunua mzigo wangu na kurudi nyumbani bila kuona kitu kingine. Safari ijayo nitakuwa na jioni moja isiyo na kazi na ningependa kupanda Burj Khalifa. Nipande saa ngapi ili fedha yangu isipotee bure? – Msomaji, Mombasa

Uwe umekwisha fika juu angalau saa moja kabla ya jua kuzama, kisha ubaki huko mpaka giza liingie barabara. Kwa tikiti moja utakuwa umeuona mji katika hali tatu: ukiwa na mwanga wa kutosha kutambua kila barabara, ukiwa katika rangi za machweo, na ukiwa umewashwa taa. Ndiyo sababu saa za karibu na Magharibi huuzwa kwa bei ya juu kuliko saa nyingine, na kwa maoni yetu hiyo ndiyo nyongeza pekee inayostahili kulipwa katika safari nzima.

Hata hivyo, mtu wa Pwani anaweza kukosea hapa, kwa kuwa amezoea jua linalozama karibu wakati ule ule mwaka mzima. Dubai iko mbali zaidi na Ikweta, na kwa saa za huko jua la mwanzoni mwa Desemba huzama saa 11:30 jioni, ilhali la mwishoni mwa Juni huzama kama saa 1:10 usiku. Tafuta kwanza wakati wa Magharibi wa tarehe yako ndipo ununue tikiti kwenye intaneti, ukikumbuka kwamba saa iliyoandikwa kwenye tikiti ni ya kuingia langoni, wala si ya kufika juu. Lango lenyewe limo ndani ya Dubai Mall, katika ghorofa ya chini, na kabla ya lifti kuna ukaguzi wa mizigo na foleni. Ukitoka Deira kwa metro utashuka katika kituo cha Burj Khalifa/Dubai Mall, lakini usidhani kwamba ukishashuka umefika. Kuna njia ndefu ya juu, iliyofunikwa na yenye kiyoyozi, inayokupeleka hadi kwenye maduka, na ndani ya maduka hayo kuna mwendo mwingine tena. Mtu aliyechoka kwa kubeba marobota mchana kutwa ajihesabie muda wa kutosha.

Kuhusu cha kuangalia, wageni wengi hukimbilia upande wa bahari, wakapiga picha za kisiwa cha Palm Jumeirah na hoteli ya Burj Al Arab, kisha wakatafuta njia ya kushuka. Wewe uuzungukie mnara mpaka upande wa kaskazini-mashariki, uitafute Khor, yaani ule mkono wa bahari unaopinda kuingia ndani ya mji, ambao kingo zake ndizo ulikozaliwa mji wenyewe. Deira unayoijua kwa miguu, yenye vichochoro vya maduka na magati ya majahazi, utaiona ikiwa imelala chini, majengo yake yakiwa mafupi na yamebanana, tofauti kabisa na safu ya maghorofa yaliyojipanga pande mbili za barabara ya Sheikh Zayed. Ukifika wakati jua limeshuka sana utakiona pia kivuli cha mnara wenyewe, chembamba kama mstari uliopigwa kwa rula, kikivuka mitaa na barabara kwa zaidi ya kilomita 4. Katika miezi ya baridi kivuli hicho huelekea upande huo huo wa kaskazini-mashariki, na ukisimama pale kwa dakika kumi utaona kikirefuka mbele ya macho yako.

Jambo la mwisho, na pengine ndilo kubwa kuliko yote, ni hewa. Kuanzia Novemba hadi Machi mara nyingi anga huwa safi, ingawa asubuhi za Desemba na Januari huweza kuleta ukungu mzito unaofunika mji mzima. Wakati wa joto unyevu wa bahari huchanganyika na vumbi linaloletwa na pepo za shamali, na upeo wa macho hugeuka rangi ya maziwa. Huna haja ya kusoma utabiri mrefu ili kujua hali itakuwaje: kama umesimama Deira na huuoni mnara vizuri, basi nawe ukiwa juu ya mnara hutaiona Deira vizuri. Hewa iliyo kati yenu ni ile ile. Ukiweza, chelewesha kununua tikiti mpaka uione siku yenyewe ilivyo.

Nimeona kuna tikiti ya ghorofa za 124 na 125, na nyingine ya ghali zaidi inayofika ghorofa ya 148. Je, anayefika 148 anaona mbali zaidi kwa kiasi gani? Na kwa nini wasituruhusu kufika kileleni kabisa? – Msomaji, Tanga

Ghorofa ya 124 iko mita 452 juu ya ardhi, na ya 148 iko mita 555. Tofauti ya mita 103 si ndogo. Ni karibu sawa na kuchukua jengo la KICC, ule ukumbi wa mikutano wa Nairobi, na kulipachika juu ya ghorofa ya 124. Lakini umbali wa upeo wa macho hauongezeki kwa kadiri ile ile unavyopanda. Dunia ni mviringo, na ili mtu aone mara mbili ya umbali anaouona sasa hana budi kupanda mara nne ya kimo alichopo. Kwa hesabu hiyo, aliye mita 452 anafikiwa na upeo ulio kiasi cha kilomita 76, na aliye mita 555 kiasi cha kilomita 84. Kilomita hizo 8 za ziada ziko mwisho kabisa wa macho, mahali ambapo kwa siku nyingi za mwaka kuna vumbi tu. Siku ya hewa safi ya majira ya baridi mtu aliye katika ghorofa yoyote kati ya hizo anaweza kuiona milima ya Hajar upande wa mashariki. Siku ya vumbi wote wawili hawaoni chochote, na aliyelipa zaidi amepoteza zaidi.

Kinachouzwa hasa katika ghorofa ya 148 ni utulivu: watu wachache, viti, kinywaji, na mwenyeji wa kukupokea. Ukitaka kukaa na mgeni wako mkizungumza bila kusukumwa, basi fedha hiyo ina kazi yake. Ikiwa unachotafuta ni kuona tu, ghorofa ya 124 inatosha, na ina roshani iliyo wazi ambayo vioo vyake vimeachiana nafasi nyembamba za kupitishia upepo na kamera.

Kuhusu kilele, jengo lina mita 828, lakini mita 244 za juu hazina ghorofa za watu kuishi wala kufanyia kazi. Ni mlingoti wa chuma na sehemu za mitambo. Jengo linakwenda likipungua upana kadiri linavyopanda, kiasi kwamba huko juu hakuna nafasi ya umati. Kwa hiyo anayesimama ghorofa ya 124, ambaye anahisi amefika mbinguni, amepita nusu ya mnara kwa kitambo kidogo tu. Inua macho ukiwa kwenye roshani, utauona mnara ukiendelea kupanda juu yako. Wageni wengi husahau kufanya hivyo.

Assalaam aleikum. Tunatarajia kwenda Dubai katika mwezi wa Ramadhani na watoto wangu wanataka tupande Burj Khalifa wakati wa jioni. Nimesikia kwamba waliomo juu ya jengo hilo hawafuturu pamoja na walio chini. Je, ni kweli, au ni maneno ya watu? – Msomaji, Muscat

Wa aleikum salaam. Ni kweli. Mwaka 2011 viongozi wa dini wa Dubai walitoa maelekezo kwamba wanaokaa juu ya ghorofa ya 80 wasubiri dakika 2 baada ya wakati wa kawaida ndipo wafuturu, na walio juu ya ghorofa ya 150 wasubiri dakika 3. Maelekezo hayo yanagusa pia sala ya Magharibi, na kwa upande wa alfajiri mambo hugeuka: walio juu huanza kujizuia kula mapema kuliko walio chini.

Sababu yake haina fumbo lolote. Aliye juu anaona mbali zaidi upande wa magharibi, na kwa hiyo jua ambalo limekwisha kuzama kwa mtu wa barabarani bado liko machoni pake. Ukipiga hesabu kwa mahali ilipo Dubai, mtu aliye mita 452 huliona jua kwa takriban dakika 3 zaidi, na ncha ya mnara huendelea kupigwa na jua kwa kama dakika 4. Ndiyo maana ukiwa chini wakati wa adhana unaweza kuinua kichwa ukaona mji wote umeingia kivulini ilhali sehemu ya juu ya mnara bado ina rangi ya dhahabu.

Wala jambo hili halikuanza na majengo ya leo. Katika vitabu vya fiqhi vya Kihanafi imo habari ya mwanachuoni aliyefika Iskanderia akaulizwa kuhusu mtu anayepanda mnara wa taa wa mji huo na kuliona jua muda mrefu baada ya kuwazamia watu wa mjini: je, afuturu? Akajibu kwamba asifuturu, lakini watu wa mjini wao wafuturu, kwa sababu kila mmoja anahukumiwa kwa machweo ya mahali alipo. Abiria wa ndege wa siku hizi nao hujikuta katika suala hilo hilo.

Kwa familia yako, urahisi ni kwamba mtakuwa mmesimama mahali palipojengwa kwa ajili ya kutazama. Ikiwa anga ni safi hamtahitaji ratiba wala saa; mtaliona jua wenyewe likigusa upeo wa bahari, likikatwa nusu, kisha likipotea, na hapo wakati wenu umeingia. Vumbi likiziba upeo, kama litokeavyo mara kwa mara, fuateni muda wa mji na kuongeza dakika 2 zilizotajwa kwa walio juu ya ghorofa ya 80. Bebeni tende mfukoni, na kabla ya siku yenyewe ulizeni wahudumu wanaruhusu kula na kunywa sehemu gani, ili watoto wasije wakaambiwa wasubiri mpaka washuke.

Mwanao mmoja huenda akakuuliza, maana suala hili huzungumzwa sana, kama mtu anaweza kuyaona machweo akiwa chini kisha akapanda lifti na kuyaona tena. Kwa hesabu tupu inawezekana, kwa sababu lifti hukata mita 10 kwa sekunde na kufika ghorofa ya 124 kwa muda wa kama dakika moja. Kwa hali halisi haiwezekani kwa mgeni: chini ya mnara upeo wa bahari umezibwa na majengo, na foleni haimjali mwenye haraka.

Mimi naogopa urefu, na kinachonitisha zaidi ni habari kwamba jengo hilo hutikisika kwa upepo. Je, ni salama? – Msomaji, Dar es Salaam

Jengo refu lisiloyumba kabisa ndilo la kutiliwa shaka, kwa kuwa kitu kigumu kisichojipinda hata kidogo huvunjika. Ncha ya Burj Khalifa inaweza kuyumba kama mita 1.5 katika upepo mkali, lakini mwendo huo hupungua kadiri unavyoshuka, na wewe utakuwa karibu na nusu ya kimo chake. Mgeni wa kawaida hahisi chochote.

Tazama umbo lake ukiwa bado uko chini, maana jibu la hofu yako limo humo. Jengo lina mabawa matatu yaliyoshikana na kiini kimoja cha zege katikati, na kila bawa linayategemeza mengine mawili, hivyo kwamba hakuna upande ambao upepo unaweza kuusukuma ukakosa wa kuusaidia. Kisha mabawa hayo hayapandi sawasawa. Moja hukatika mapema, jingine baadaye, na umbo la mnara hubadilika kila baada ya ghorofa kadhaa. Upepo unaopita pembeni mwa nguzo iliyonyooka hujikunja na kuachia vimbunga vidogo kwa mpigo mmoja, na mpigo huo ndio unaoweza kulitikisa jengo mpaka likaleta hatari. Hapa kila kimo kina umbo lake, kwa hiyo mpigo wa chini haulingani na wa juu, na nguvu zao haziungani. Wasanifu wa kampuni ya Skidmore, Owings & Merrill ya Marekani waliyajaribu maumbo mengi mbele ya mashine za upepo kabla ya kulikubali hili. Chini kabisa kuna nguzo 192 za zege zilizozamishwa ardhini kwa zaidi ya mita 50, na zege la juu lilipokuwa likimwagwa wakati wa joto, lilimwagwa usiku na kuchanganywa na barafu ili lisikauke haraka na kupasuka.

Kwa hofu yenyewe, ambayo haitulizwi na hesabu za wahandisi, yako mambo mawili ya kufanya. Lifti ya Burj Khalifa imefungwa pande zote na ndani huonyeshwa picha, kwa hiyo hutauona mji ukishuka chini ya miguu yako. Ukifika juu, usianze kwa kuchungulia chini. Simama hatua tatu nne nyuma ya kioo, utazame mbali, kwenye bahari au jangwani, mpaka pumzi itulie. Halafu usogee kidogo kidogo. Watu wengi hufika kwenye kioo bila kujua wamefikaje.

Mama yangu ana umri mkubwa na miguu inamsumbua, lakini amesema hawezi kufika Dubai akarudi bila kupanda. Je, masikio yake hayataumia? Na atastahimili foleni? – Msomaji, Nairobi

Mpe mama shikamoo zetu. Masikio yasikutie wasiwasi mkubwa. Kutoka chini hadi mita 452 mgandamizo wa hewa hupungua kwa kama asilimia 5, na kwa kuwa lifti inapanda kwa kasi, masikio huziba kwa muda mfupi. Ameze mate au apige miayo, yatafunguka. Ninyi mnaotoka Nairobi mnaishi zaidi ya mita 1,600 juu ya usawa wa bahari, na mtakuwa mmekwisha kuzoea mabadiliko makubwa kuliko hayo ndani ya ndege iliyowaleta. Kwa hakika, mtu aliyesimama kando ya barabara ya Kenyatta yuko juu zaidi ya usawa wa bahari kuliko ncha ya Burj Khalifa, karibu mara mbili, ingawa hakuna anayemtoza kiingilio. Mwenye maradhi ya moyo au aliyefanyiwa upasuaji wa sikio karibuni, huyo aulize kwanza daktari wake.

Taabu iko kwenye miguu. Msitumie metro, chukueni teksi iwashushe kwenye mlango wa Dubai Mall ulio karibu na lango la mnara, na muombe kiti cha magurudumu tangu mwanzo, hata kama mama anaona haya. Kiti kinaingia kwenye lifti. Chagueni asubuhi ya siku ya kazi, wakati foleni ni fupi na bei ni nafuu, mkumbuke kwamba tangu Januari 2022 mapumziko ya juma huko ni Jumamosi na Jumapili, na Ijumaa ni nusu siku. Mtakosa machweo, lakini mama atakaa dirishani kwa raha yake. Kumbukeni pia foleni ya kushuka, ambayo wengi hawaihesabu.

Tunaishi Toronto na mwanangu wa miaka minane anaogopa kukanyaga kioo cha CN Tower, ilhali wenzake wa shuleni wamekwisha kukikanyaga wote. Nimlazimishe? – Msomaji, Toronto

Usimlazimishe, dada yetu. Sakafu ile ya kioo, iliyofunguliwa mwaka 1994, iko mita 342 juu ya ardhi, na watu wazima wengi wanaoikaribia hubaki wamesimama pembeni wakijifanya wanatafuta kitu mkobani. Mweleze kwamba kioo hicho si kimoja bali ni tabaka kadhaa zilizogandishwa pamoja, na kwamba wenye mnara waliwahi kujigamba kuwa kinaweza kubeba viboko 14. Mtoto mwenye asili ya kwetu anajua kiboko ni mnyama wa namna gani, na huenda akacheka. Kisha wewe ukae chini sakafuni, ukingoni, naye akae karibu nawe. Mtoto akikaa haogopi kama anaposimama. Akigusa kwa kiganja tu, inatosha kwa siku hiyo.

Jihadharini lakini na lifti, kwa kuwa zile za Toronto zina vioo na hupanda kwa nje, tofauti na za Dubai, na kwa mtoto wa aina yake sekunde 58 ni nyingi. Mwekeni ageukie mlango. Ukiwa juu siku ya anga safi, mwonyeshe upande wa pili wa ziwa Ontario, ambako wakati mwingine huonekana mvuke wa maporomoko ya Niagara.

Picha zangu zote za usiku nilizopiga juu ya Burj Khalifa zimejaa mng'aro wa taa za ndani na sura yangu mwenyewe. Nilikosea wapi? – Msomaji, Zanzibar

Ulisimama mbali na kioo. Usiku ndani kuna mwanga na nje kuna giza, kwa hiyo kioo kinarudisha picha ya ndani. Zima mmweko wa simu, pangusa kioo mahali ambapo wenzako wameacha alama za mapaji ya nyuso, kisha ubandike lenzi moja kwa moja juu yake na kuizungushia kitambaa cheusi; ukingo wa buibui au mtandio wa rangi nzito unafaa kabisa. Au ngoja zamu yako kwenye zile nafasi wazi za roshani ya ghorofa ya 124, ukiikamata simu kwa mikono miwili. Usisubiri giza totoro. Picha nzuri hupatikana kama robo saa hadi nusu saa baada ya machweo, taa zikiwa zimewaka ilhali anga bado lina buluu na majengo yanatofautika nalo. Chemchemi iliyo chini, ambayo maji yake huruka hadi mita 150, ipige picha ukishashuka, kwa sababu kutoka juu inafanana na povu la sabuni.

Mnaandika Dubai kila siku. Mimi ni mwalimu na nataka kuwapandisha wanafunzi wangu KICC. Je, kuna cha kuona, au ni kupoteza nauli? – Msomaji, Thika

Kipo, na lawama yako tumeipokea. Ukumbi wa Mikutano ya Kimataifa wa Kenyatta una ghorofa 28 na mita 105, ulichorwa na Karl Henrik Nøstvik wa Norwei akishirikiana na David Mutiso wa Kenya, na ulikamilika mwaka 1973, wakati mkutano mkuu wa Benki ya Dunia na Shirika la Fedha la Kimataifa ulipofanyika Nairobi. Mwanzoni ulikusudiwa kuwa makao makuu ya chama cha KANU. Leo picha yake imo kwenye noti zote za Kenya zilizotolewa mwaka 2019, kwa hiyo kila mwanafunzi mwenye hela mfukoni atakuwa na picha ya kulinganisha na jengo lenyewe.

Lifti itawafikisha karibu na kilele, kisha mtapanda ngazi hadi kwenye uwanja wa helikopta ulio juu ya paa. Hapo ndipo KICC inapoishinda Burj Khalifa kwa jambo moja: hakuna kioo kati ya macho na mji. Kaskazini-mashariki, kama kilomita 140, uko Mlima Kenya. Kusini-mashariki, zaidi ya kilomita 200, uko Kilimanjaro. Upeo wa kimo cha mita 105 ni kiasi cha kilomita 37 tu, lakini milima hiyo inaonekana kwa sababu yenyewe ndiyo iliyoinuka mpaka ikauvuka upeo. Mpe mwanafunzi wa hisabati swali hilo alitatue akiwa pale pale. Kwa karibu zaidi kuna vilima vya Ngong upande wa kusini-magharibi, Mbuga ya Taifa ya Nairobi kusini, Bunge na Uhuru Park magharibi, na stesheni ya reli, ambayo ndiyo iliyouzaa mji.

Hapa pia hewa ndiyo yenye kuamua. Mlima Kenya hujifunika mawingu mapema, mara nyingi kabla ya saa 4 asubuhi, na kadiri siku inavyokwenda moshi wa magari hupunguza umbali wa kuona. Nenda asubuhi iliyofuata mvua ya usiku, au katika Januari na Februari, na uombe kuingia mara tu lango linapofunguliwa kwa wageni. Waelekeze wanafunzi watazame kaskazini kwanza, halafu wageuke magharibi ambako jua la asubuhi litakuwa mgongoni mwao na vilima vya Ngong vitakuwa vimemulikwa. Kwa kuwa jengo ni la mikutano, na sehemu zake huweza kufungwa kunapokuwa na wageni wa serikali, ulizia kwanza kabla ya kukodi basi, na uliza pia kiingilio cha wanafunzi, kwa maana hakiwi sawa na cha watu wazima wala cha watalii.